Ndoa na Raia wa Marekani: Anza na Herufi za Jina Lako

Nimerudi Bombo, Uganda, kwa wiki chache kumwona mama, na haipiti siku bila binti fulani aliyeolewa au kuposwa na raia wa Marekani kuja kuniuliza nilivyopata ukaazi wa kudumu wa Marekani. Kwa kuwa mimi na mume wangu tulijikwaa mara kadhaa, nimeona heri niyaandike.

Tulijikwaa mapema kabisa. Shehe aliyetuozesha aliandika Asha, hali pasipoti yangu inasema Aisha, na herufi hiyo moja ilitupotezea miezi minne ya kula viapo mbele ya wakili na kutafuta cheti kingine. Kisomeni cheti kabla mashahidi hawajaondoka, kisha hakikisheni kwamba ndoa imesajiliwa na URSB, ofisi ya usajili ya serikali ya Uganda, kwa maana kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hata iwe na mbuzi wangapi, haitoshi peke yake katika faili la maombi.

Ombi hufunguliwa na mwenzi aliye raia, kwa fomu I-130, ya kumwombea ndugu wa familia. Baadaye hutakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na asipokifikia, anaweza kutafuta mdhamini mwingine wa kusaini pamoja naye. Upande wako kuna cheti cha tabia njema kutoka Interpol ya polisi yetu, na uchunguzi wa afya.

Jambo zito zaidi ni ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Siku ya mahojiano ya viza nilibeba albamu nzima ya harusi, na afisa akaipekua kama mtu anayehesabu noti. Alichokisoma kwa makini ni risiti iliyokunjamana ya mabati thelathini ambayo mume wangu alimnunulia mama kwa ajili ya jiko lake. Akauliza jiko liko upande gani wa nyumba, nikamjibu bila kufikiri. Basi tunzeni risiti za kutumiana pesa, tiketi za safari na ujumbe wa simu tangu mwanzo. Mawakala wanaouza ndoa za kutengeneza waepukeni, kwa sababu adhabu yake ni hadi miaka 5 gerezani na faini ya hadi dola 250,000.

Ukiingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya ukaazi (green card) yenye masharti, inayokwisha baada ya miaka 2. Katika siku 90 za mwisho mnapeleka pamoja fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, mkiambatisha mkataba wa nyumba, taarifa za benki na kodi. Wengi hawaambiwi hili: ndoa ya nia njema ikivunjika, au ukipigwa na kunyanyaswa, sheria inakuruhusu kupeleka fomu hiyo peke yako. Nimewaona dada zetu wakivumilia ngumi huko kwa kuogopa kunyang'anywa kadi, wala hakuna aliyewaeleza kwamba saini ya mume si lazima.