Una grini kadi? Iache kwanza kadi ya bangi

Nawasaidia ndugu zetu hapa Columbus, Ohio, wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) kujaza fomu za uraia, na swali la bangi halikosekani. Ohio iliruhusu bangi ya matibabu mwaka 2016. Daktari ameidhinisha, kadi ya mgonjwa unayo, duka lina leseni ya jimbo, risiti unapewa. Sasa kosa liko wapi?

Liko Washington. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini, na afisa anayekuhoji uraia ameajiriwa na serikali kuu, si na Ohio. California ndiyo iliyotangulia kuruhusu, mwaka 1996, lakini mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Raich kwamba serikali kuu ina mamlaka ya kumzuia hata mgonjwa aliyejipandia nyumbani. Ni kweli, tangu 2014 Bunge la Marekani limekuwa likiinyima Wizara ya Sheria fedha za kuyaingilia majimbo kwenye bangi ya matibabu, na watu wakashusha pumzi. Ila hilo linahusu waendesha mashtaka. Uhamiaji hawamo, na Aprili 2019 waliandika wazi kwamba kutumia bangi, au hata kuajiriwa kwenye biashara yake, kunaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, jimbo liruhusu lisiruhusu.

Mzee mmoja, dereva wa lori, alinijia na bahasha yake: pasipoti, karatasi za kodi, cheti cha ndoa, na juu kabisa kadi ya mgonjwa, ameitia kwenye plastiki isichakae. Mgongo ulikuwa umemtesa miaka. Aliamini kadi ile ndiyo itakayomsafisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, fomu tuiache. Twende kwa wakili kwanza." Na leseni yake ya lori nayo ilikuwa hatarini, maana kipimo cha mkojo cha madereva hufuata kanuni za Washington, na kadi ya jimbo haikubaliki kama utetezi.

Kama umeshatumia, usimdanganye afisa. Uongo ni kesi nyingine, pengine nzito zaidi. Muone wakili wa uhamiaji (wakili hasa, si yule jamaa wa kujaza fomu, hata mimi) kabla hujatia saini, na kabla hujakata tiketi ya kwenda nyumbani, kwa sababu mpakani unaweza kuulizwa upya.

Na zile kazi za ulinzi kwenye maduka ya bangi, hata zikilipa kuliko ghalani, zisubiri mpaka uapishwe.