Fedha, Pesa na Hela: Nani Mgeni Hapa?

Msomaji mmoja wa Morogoro, anayejitambulisha kuwa mwandishi chipukizi wa makala, ameniletea shauri. Aliandika kwamba wakulima wa mpunga "hawana hela ya mbegu". Mhariri wake akalikata neno hela, akaweka fedha, kisha akamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Tumia Kiswahili asilia. Hela na pesa ni maneno ya mitaani yaliyoletwa na utandawazi." Msomaji anauliza: "Mwalimu, lipi sahihi kati ya fedha, pesa na hela? Na je, kuna neno mahela?"

Swali lenyewe halina ugumu, na nitalijibu upesi. Ugumu uko katika ule wino mwekundu, ambao utanichukulia nafasi yote iliyobaki.

Maneno yote matatu ni sahihi na yote yamo katika kamusi. Tofauti yao ni ya mahali pa kutumiwa. Fedha hufaa katika maandishi rasmi, ndiyo maana tuna Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha na fedha za kigeni. Pesa hukaa vizuri sokoni na haikataliwi benki. Hela ni neno la mazungumzo, hasa kwa Watanzania: hela ya nauli, hela ya matumizi, hela ya kula. Mkulima wa Kilombero anayesema "sina fedha za mbegu" pengine anaihutubia kamati; akizungumza na jirani yake, hana hela. Mwandishi anayemnukuu mkulima na akampa maneno ya kamati amekosea, hata kama amekosea kwa adabu.

Sasa tuje kwenye wino. Mhariri anadai kwamba fedha ni Kiswahili asilia. Fedha ni neno la Kiarabu, nalo kwanza ni jina la yale madini meupe yanayong'aa, maana ambayo tunayo hadi leo kila mwanariadha anapovikwa medali ya fedha kwa kushika nafasi ya pili. Neno asilia nalo limetokana na asili, ambalo pia ni la Kiarabu, kama yalivyo lugha, sahihi, fasaha na sanifu. Simlaumu mtu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mhariri amemfukuza mgeni wa jana, akamkalisha kitini mgeni wa juzi, kisha akadhani amefanya usafi.

Lakini hilo la asilia ni dogo, na mimi huweza kulipita nikiguna. Lisilopitika ni utandawazi. Nimesahihisha insha, nimesikiliza hotuba za wageni rasmi na nimesoma dibaji za ripoti, na karibu zote huanza na kibwagizo kilekile: "Katika zama hizi za utandawazi…" Vijana wakivaa suruali zilizochanika, ni utandawazi. Bei ya ngano ikipanda, ni utandawazi. Mtoto akimjibu mama yake kwa Kiingereza, basi utandawazi umeingia hadi sebuleni. Neno lenyewe halina kosa la uundaji. Limeunganishwa kwa tanda na wazi, likaenea katika miaka ya 1990, na aliyeliunda alijua kazi yake. Makosa ni ya wanaolitumia, nami nina mashtaka mawili dhidi yao.

La kwanza ni la kalenda. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na masultani wake walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tukisogea hadi karne ya 19, watu wa Unguja na Mrima walikuwa wakihesabu kwa reale, tena walizipambanua kwa majina. Ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria waliiita reale ya Sham, na ile ya Hispania waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana machoni pao kuwa mizinga miwili. Madini ya sarafu hiyo ya pili yalichimbwa Mexico na Potosí, katika Bolivia ya leo, na huko Potosí wachimbaji wengi walikuwa Wahindi Wekundu waliolazimishwa kazi. Mtu aliyeuza pembe ya ndovu Pangani kwa fedha iliyochimbwa Marekani ya Kusini, kisha akaitumia kununua nguo ya merikani iliyofumwa Massachusetts, angeshangaa sana kusikia kwamba dunia imeanza kuunganika baada ya kuja kwa intaneti.

Shtaka la pili ni zito zaidi, nalo limo katika kitenzi chenyewe. Mawingu hutanda. Giza hutanda. Ukungu hutanda juu ya Uluguru asubuhi, na hakuna anayeshtakiwa kwa ukungu. Ukisema jambo limeletwa na utandawazi umesema limetanda, yaani limejitokea lenyewe kama hali ya hewa, bila aliyelileta, bila aliyelipinga na bila aliyelilipia. Ndiyo maana wanasiasa wanalipenda neno hili kuliko wanavyowapenda wapiga kura wao.

Hebu tulipime kwa hela, ambayo mhariri ameitaja mwenyewe. Heller ilikuwa senti ndogo ya mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, katika Karne za Kati, na jina lake limetokana na mji huo. Kwetu haikuja peke yake wala haikuja kwanza. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutawala huku, ilikuta biashara yote ikienda kwa rupia ya India na kwa vipande vyake vya shaba vilivyoitwa paisa, ambavyo Waswahili walikwisha kuviita pesa. Kampuni haikuthubutu kuwageuza wafanyabiashara. Ilipiga rupia yake yenyewe, na mwaka 1890 ikatoa senti ya shaba iliyoitwa pesa, yenye tai wa Ujerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na pesa 64 zikawa rupia moja. Tafakari kidogo, msomaji wangu: kampuni ya Berlin inatoa sarafu yenye jina la Kihindi na herufi za Kiarabu ili itumike Bagamoyo. Hapo mhariri angekata lipi, abakize lipi?

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaachana na hesabu ya 64, ikaamua rupia moja iwe na heller 100. Hapo ndipo jina hela lilipoingia vinywani mwa watu, na halikuingia kwa sababu ya uzuri wake. Kodi ya kibanda ilikuwa imewekwa tangu mwaka 1897, na kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilidai sarafu tu, isikubali tena mtama wala kuku. Asiyekuwa na sarafu ilimbidi aende kuitafuta mahali ilipo, na ilikuwapo mashambani kwa walowezi. Mtu wa bara akashuka hadi Tanga kukata mkonge, mmea wa asili ya Mexico ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kwa miche iliyotoka Florida. Alifanya kazi siku 30 kwa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, ili apate rupia za kumlipa afisa wa Kijerumani kwa kosa la kuwa na nyumba. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa sababu zake. Hela haikutanda hata siku moja. Ilitozwa.

Na ilitozwa hadi mwisho. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikata koloni na Ujerumani, Wajerumani walipiga sarafu zao katika karakana ya reli huko Tabora mwaka 1916: za hela 5 na 20, na moja ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo leo wakusanyaji sarafu wa Ulaya huigombania minadani. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kiwanda kikafungwa. Waingereza walileta shilingi mwaka 1921. Rupia ikazikwa, heller ikazikwa nayo, jina likakataa kuzikwa.

Huko lilikotoka, halipo tena mfukoni mwa mtu. Wajerumani wamebaki nalo katika misemo. Wacheki, waliokuwa nalo kwa umbo la haléř, waliziondoa sarafu zake za mwisho katika mzunguko mwaka 2008. Kwa hiyo mahali ambapo mamilioni ya watu bado huamka alfajiri kuitafuta hela ni hapa petu. Wenzangu wa isimu hulihesabu katika "maneno ya mkopo". Mkopo hurudishwa, waungwana. Hili tumrudishie nani, na lilipwe riba kiasi gani, tukikumbuka kodi iliyokwisha kulipwa?

Mabaki ya mambo hayo yanasikika hata leo. Vuka Taveta uingie Kenya, na ingawa Mkenya atakuelewa ukisema hela, kinywani mwake yeye hutoka pesa, kwa maana heller haikuwa sarafu ya koloni lake. Hata huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 imebeba jina lilelile la shaba ya Kihindi. Nenda Lubumbashi, Kongo, utasikia makuta, jina la senti za zaire, sarafu ya Mobutu iliyotolewa mwaka 1967, wakati zaire yenyewe imekwisha kufa. Waganda wana ssente, iliyotokana na senti ya Mwingereza, na ensimbi, ambazo ni kauri, simbi zilezile ambazo kampuni za Hamburg zilizinunua Zanzibar katika karne ya 19 kwa mashehena na kuzipeleka Afrika Magharibi zikatumike kama sarafu. Mipaka iliyochorwa Ulaya unaweza kuisikia kwa kumwuliza mtu neno moja tu, hata asipokuonyesha pasipoti.

Ukipenda zaidi, panda daladala. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, jina hilo limetokana na dala, yaani shilingi tano za nauli ya siku zile. Dala ni dola, dola ni thaler, na thaler ni sarafu ya bonde la Joachimsthal, Bohemia, palipochimbwa fedha katika karne ya 16. Ile reale ya Sham ilikuwa ndugu yake. Nauli yenyewe ilipita kwa Waarabu, lakini mizizi yake ni ya Kigiriki, nayo ilikuwa ada ya abiria wa meli. Konda wa Mbagala anayepiga kelele "nauli!" anadai malipo ya jahazi, na sidhani kama kuna mhariri mwenye ujasiri wa kumwendea na wino mwekundu.

Bima na hundi nazo tumezipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar. Tharia Topan, mmoja wao aliyekuwa maarufu kuliko wengi, alimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara yake ya bara, misafara iliyorudi na pembe na, mara nyingi, na watu waliotekwa. Nayataja haya kwa sababu kuna kundi la pili linaloniudhi karibu sawa na la kwanza, nalo ni la wale wanaoyaona maneno haya kuwa ushahidi wa "mwingiliano mzuri wa tamaduni", kana kwamba watu walikutana barazani wakabadilishana misamiati juu ya kahawa. Mengine yalikuja hivyo, kwa biashara na kwa ndoa. Mengine yalikuja na askari. Lugha imeyapokea yote bila kubagua, na ni kazi ya mwandishi kujua lipi lilikuja vipi.

Wala tusifike mahali pa kudhani kwamba sisi tulikaa tu tukipokea. Tazama majina ya sarafu, vyombo vya benki, faida na hasara: mengi yalishuka melini. Kisha tazama vitenzi: kuuza, kununua, kulipa, kukopa. Hivyo ni vya Kibantu. Tena jina likishaingia huvikwa viambishi vyetu na kutumikishwa, ndiyo maana senti ya Mwingereza imekuwa vijisenti, na kila Mtanzania anayefuatilia siasa anajua kiasi gani cha fedha kinaweza kuitwa hivyo.

Utandawazi sitaki ufutwe katika kamusi, na nimekwisha kukubali kwamba sitaushinda. Wachumi waendelee nao wanapozungumzia masoko ya mitaji, na wageni rasmi waendelee kufungulia nao semina, kwa sababu semina ni lazima ifunguliwe na kitu. Ninachoomba ni kwamba mtu akitaka kutueleza kwa nini jambo fulani liko hivi leo, amtaje mtendaji: kampuni, serikali, mfanyabiashara, mkopeshaji, mwaka. Sentensi itarefuka kidogo, lakini itakuwa na kiima.

Kwa msomaji wangu, basi, uamuzi ni huu. Katika ripoti ya bajeti mhariri wako ana haki ya kudai fedha, lakini aidai kwa sababu ya mtindo, na hiyo hadithi ya uasilia aiache. Katika makala kuhusu wakulima, hasa ndani ya maneno yao, mwombe kwa heshima akurudishie hela yako.

Ama mahela, lipo, na ni neno halali la mazungumzo. Kiambishi ma- hapo huonyesha wingi unaostaajabisha au kutia wivu, kama katika mapesa: "Yule ana mahela!" Litumie kwa shangazi aliyerudi kutoka Muscat na masanduku matano. Usiliandike katika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa mkaguzi ataanza kuuliza ni kiasi gani.