Eti akienda jandoni atanyooka?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka 8, yupo darasa la pili hapa Mikindani, kusoma anasuasua sana ila kinachonichosha mimi ni mambo mengine, viatu hataki, sare mpya analia inamwasha, mvua ikipiga bati anaziba masikio, penseli anakandamiza mpaka inavunjika, na kwenye dawati hatulii anateleza tu. Ticha anamwita mzembe. Bibi yake anasema likizo hii aende jandoni atanyooka. Nifanyeje?
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi simwoni mzembe hapo. Watoto wengi wenye shida ya kujifunza mwili nao unawasumbua, ubongo unapokea habari kutoka kwenye ngozi, masikio na misuli lakini hauzipangi vizuri, ndo maana lebo ya shati kwake ni kama upupu, na mkono haumpi habari kamili anakandamiza kiasi gani. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, alishalieleza hili toka miaka ya 1970, na mpaka leo wataalamu wanabishana tiba yake inasaidia kiasi gani, ila shida yenyewe we unaiona kila asubuhi ukimvisha sare.

Kwanza apimwe macho na masikio. Ukifika hospitali ya Ligula hapo Mtwara mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa tiba kwa vitendo. Na kama anaanguka kuliko zamani, au akitaka kuinuka toka chini anajisukuma kwa mikono mapajani, usingoje hata wiki, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa misuli.

Nyumbani mpe kazi zenye uzito kidogo, abebe kindoo cha maji, akande unga wa maandazi, achambue mbaazi, aandike herufi kwa kidole kwenye mchanga pale ufukweni. (Korosho mbichi zenye ganda usimpe abangue, mafuta yake yanaunguza.) Penseli izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli ishikike. Sare ifue mara kadhaa kabla hajavaa na lebo ukate, na ticha mwombe aweke hata tofali chini ya dawati miguu ipate pa kukanyaga.

Sasa bibi. Msikilize kwa heshima, ila jando halitibu hii. Mtoto anayeziba masikio kwa mvua tu, umpeleke kwenye ngoma za usiku, kelele na watu wengi, atachanganyikiwa, na wakimwona mkaidi si watamchapa? Kutahiriwa anaweza kutahiriwa hospitali. Kama ukoo umeshikilia lazima aende basi mwombe bibi wasubiri mwaka mwingine, afu kaa na atakayemwangalia kule umwambie wazi mambo yake yote, vya kuvaa, kelele, kula, na mtoto naye aambiwe mapema kutakuwaje.