Mwalimu, Nikifika Mstarini Magoti Yanalegea

Mwangaluka, wasomaji. Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko ukurasa, nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa upendeleo wa wazi: ugonjwa wake niliwahi kuugua mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, naishi Kayenze, nakimbia mita 1,500. Mazoezini asubuhi hakuna anayenisogelea. Lakini siku ya mashindano pale uwanja wa Kirumba, Mwanza, tangu navaa namba tumbo linavuruga, naenda chooni mara tatu, magoti yanalegea, na mzunguko wa tatu najikuta wa saba. Sasa ni mara ya nne. Bibi anasema nimechezewa na wachawi, anataka nivushwe kwenda kwa mtaalamu upande wa Sengerema. Kocha anasema mimi mwoga tu. Yupi mkweli?
Mkimbiaji, Kayenze

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kati ya hao wawili, bibi ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa njia aliyoishika siyo. Nitamrudia.

Tuanze na tumbo, maana ndilo linalokutisha. Mwili ukihisi kuna jambo kubwa mbele unamwaga adrenalini, homoni ya kuuweka mwili tayari. Moyo unaanza mbio kabla ya miguu, damu inapunguzwa tumboni inapelekwa kwenye misuli. Tumbo lililonyang'anywa damu lazima lilalamike. Ndiyo maana foleni ya choo uwanjani siku ya mbio ni ndefu, na humo kwenye foleni wamo hata watakaoshinda. Kinachokutenga nao ni jina unaloipa hali hiyo. Wewe unaiita hofu. Lakini Kiswahili kina jina jingine kwa moyo uleule unaodunda na viganja vilevile vyenye jasho: mori. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, aliwapa watu kazi za kutetemesha, kama kuimba mbele ya wageni na kuhutubia. Waliojiambia wana hamu na kazi ile walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa hiyo acha kujiambia "tulia, tulia". Mwili umeshawaka, hauzimiki kwa neno. Sema "nimepania". Sema kwa sauti, hata wakucheke.

Ila mori peke yake hautoshi, na hapa nakusimulia aibu yangu. Nilikuwa mfungaji wa netiboli. Chuoni tulikuwa na pete iliyogongomelewa kwenye mwembe nyuma ya bweni, nikawa nafunga jioni kwa jioni. Katika mipira kumi nikikosa miwili nalala nimenuna. Siku ya fainali uwanja umejaa, wenyeji wanapiga ndoo na sufuria, nikapewa mpira hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo. Nikautazama mkono wangu. Nikaanza kujiuliza kiwiko kikae wapi, vidole viachie lini, magoti yapinde kiasi gani, mambo ambayo mkono ulikuwa ukiyafanya siku zote bila kuniomba ruhusa. Mpira haukugusa hata pete. Nilikosa mitano mfululizo, nikatolewa, na ndani ya basi nikajifunika kanga usoni mpaka tunaingia Nyegezi, nisitazamane na mtu.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba aibu ile ina maelezo. Mwaka 2001 watafiti Sian Beilock na Thomas Carr waliwapima watu wakisukuma mpira wa gofu shimoni, wakaonyesha kwamba aliyeizoea kazi huiharibu anapobanwa akaanza kuisimamia hatua kwa hatua. Lakini waliokuwa wamefanya mazoezi huku wakirekodiwa kwa kamera hawakuharibu. Walishazoea kujiona wakitazamwa. Wewe, mwanangu, umejifunza kukimbia. Kukimbia ukitazamwa hujajifunza bado.

Kama huamini, fikiria meza ya puli. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982, watafiti waliwachunguza wachezaji kwa mbali, kisha watu wanne wakasogea kusimama kando ya meza. Wachezaji wazuri walipanda kutoka mipira 71 kwa 100 hadi 80. Wabovu wakashuka kutoka 36 hadi 25. Macho ni yaleyale. Yanachofanya ni kukuza kile ambacho kimeshakaa mwilini, kizuri au kibovu. Na kwako kilichokaa mwilini kwa siku ya mashindano, baada ya mara nne, ni kulegea.

Wacheza ngoma wetu wanalijua hili bila kitabu. Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, wakikutana Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kufanya mazoezi ya kusahau watazamaji. Watazamaji ndio mchezo wenyewe.

Basi, siku moja kwa wiki kimbia 1,500 nzima mbele ya watu. Wavuvi wa Kayenze wakishauza samaki hawana haraka. Waombe wakae pembeni wapige kelele, hata za kukuzomea. Rafiki akurekodi kwa simu. Wekeaneni soda. Vaa namba, hata ya karatasi ya daftari iliyobanwa kwa pini, maana umesema ugonjwa unaanza hapo. Pasha mwili kwa mpangilio uleule kila wiki, kula kilekile, na mpangilio huo uuhamishie Kirumba kama ulivyo, mpaka kufunga kamba za viatu. Na mzunguko wa tatu, unakofia, usihesabu watu wala usikague miguu yako. Shika neno moja. Vijana wangu nawapa "mgongo": macho yanabaki kwenye mgongo wa aliye mbele, basi.

Sasa bibi. Mwaka 2006 huko Uingereza, Chris Beedie na wenzake waliwapa waendesha baiskeli vidonge visivyo na kitu ndani. Walipoamini wamepewa kafeini nyingi, waliongeza nguvu kwenye pedali. Walipoamini wamepewa kidonge kitupu, walishuka kidogo. Watu walewale, miguu ileile. Imani inafika mpaka kwenye misuli, na ndiyo maana nasema bibi yuko karibu na ukweli. Kuamini kwamba umechezewa nako ni kidonge kitupu, tofauti ni kwamba hiki kinakuvuta chini. Mpe heshima yake, mwombe akuombee, ila nauli ya kivuko ihifadhiwe kwa ajili ya viatu.

Kocha wako naye ananikera zaidi ya bibi. Neno "mwoga" halimfundishi mtu chochote. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kujiamini kunajengwa kwanza na yale uliyoyafanya mwenyewe, halafu na kumwona wa kufanana nawe akiyafanya. Maneno ya watu yanafuata nyuma. Nunua daftari, andika muda wa kila mbio za kupima, ulisome usiku wa kuamkia mashindano. Na wa kufanana nawe yupo: Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, mwambao wa ziwa hilihili unalochota maji, alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980.

Ila kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa tu nyumbani, au umewahi kuzimia, nenda hospitali kwanza, usinisubiri mimi.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nina miaka 43, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Kliniki wameniambia presha imeanza kupanda, nifanye mazoezi. Nina raba nzuri kabisa. Kila Januari napanda kilima cha Capri Point na mashoga zangu, wiki ya tatu naacha. Mwaka huu mume wangu akaahidi elfu tano kila nikienda. Nikachukua elfu ishirini, nikaacha. Au ni uvivu wa kuzaliwa?
Mama Dagaa

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kupokea dagaa, akashinda juani akiwageuza, hana uvivu. Neno hilo liondoe kwenye barua yako.

Kliniki walikutisha. Kutishwa kunasaidia kidogo sana. Utafiti wa wanafunzi huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwagawa watu: wengine walisomeshwa tu hatari za ugonjwa wa moyo, wengine wakasomeshwa hayohayo kisha wakaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani watafanya mazoezi. Katika wale walioandika, 91 kwa 100 walifanya. Katika wale waliotishwa tu, hawakufika hata 40. Nia walikuwa nayo wote. Kilichowatenga ni sentensi moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo Capri Point yako ina kasoro: haijashikizwa na kitu chochote cha siku yako. Ni safari ya kwenda kuwa mtu mwingine. Shikiza kwenye kazi. Andika, kwa mfano: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishafunika dagaa turubai, namwachia jirani ndoo, natoka kwa miguu kuelekea Jiwe la Bismarck." Si lazima ufike siku ya kwanza. Mwendo uwe wa kukubana pumzi kiasi kwamba unaweza kumsengenya mtu lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki za mwendo huo, na zinaweza kukatwa vipande. Kubeba ndoo za dagaa nako kunahesabika, usijipunje.

Wiki ya tatu, mdogo wangu, ni siku ya 21. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu wakijenga mazoea mapya na kupata wastani wa siku 66 hadi jambo lifanyike lenyewe. Mwepesi alichukua 18, na kwa mzito walikadiria 254. Wewe unaacha kabla hata ya kufika nusu ya wastani, kisha unajilaumu kwamba haijakuwa mazoea. Wakaona pia kwamba kuruka siku moja hakubomoi kitu. Mvua ikikukamata Jumatano, Ijumaa ipo palepale.

Hizo elfu tano zilikuchezea. Mwanasaikolojia Edward Deci alijaribu jambo hilo mwaka 1971: wanafunzi waliolipwa kutatua chemshabongo, malipo yalipokatwa, hamu ikashuka kuliko ya wasiolipwa kabisa. Ukilipwa kutembea, akili inahitimisha kwamba kutembea ni kibarua, na kibarua kikiwa na ujira mdogo kinaachwa. Mwambie shemeji azihifadhi, au avae raba mwenyewe mtoke wote. Na dawa za presha, kama wamekuandikia, usiziache kwa sababu eti siku hizi unatembea.

SWALI: Sisi timu ya mitumbwi, Ukerewe. Tukijipima wawili wawili kila mtu anapiga kasia ni moto. Tukikaa wote ishirini, mtumbwi mzito. Kuna nini?
Nahodha

JIBU: Nahodha, Mfaransa Maximilien Ringelmann aliwavutisha watu kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Sehemu ni mpishano, mnapiga maji kwa nyakati tofauti. Sehemu ni kujificha. Tunajua hivyo kwa sababu mwaka 1974 Wamarekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawadanganya kwamba wanavuta na wenzao nyuma, kumbe wako peke yao, nao wakalegeza.

Mpishano unatibiwa na ngoma. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, iliwalimisha babu zetu wakishusha majembe yote kwa wakati mmoja, nayo haikuwa burudani tu. Wekeni mpigaji mmoja, mdundo mmoja, wala msiruhusu watu watatu kuhesabu kwa pamoja. Kujificha kunataka kila mtu aonekane: mmoja akae mbele na simu, awarekodi mkipiga kasia kutoka mwanzo hadi mwisho, jioni mtazame wote pamoja, taratibu, benchi kwa benchi. Anzeni na benchi lako wewe nahodha.