Hofu iko kwenye pedi ya gemu, sio kwenye nguo za staring

Swali la wiki hii limeuliza ni muvi gani ya kutisha iliyotokana na gemu ambayo imebaki aminifu kuliko zote kwa gemu yake. Najua wengi mtajibu Silent Hill na wala siwalaumu, na mimi miaka yote nilikuwa najibu hivyohivyo, ila siku hizi nasema Exit 8 ya Genki Kawamura, ile ya Kijapani ya 2025, na najua kuna mtu ameshaanza kucheka kwamba ile gemu si haina hata stori.

Ndo maana sasa. Gemu ilitoka 2023, unatembea kwenye njia ya chini kwa chini ya stesheni, vigae vyeupe, mabango ukutani, jamaa mmoja wa makamo ana shati jeupe na mkoba anakupita, unakata kona unajikuta uko palepale. Sheria yenyewe fupi tu, ukiona kitu kimebadilika geuka urudi, usipoona endelea, na ukikosea unaanzia sifuri mpaka uje ufike njia ya kutokea namba 8. Basi, gemu nzima ni hiyo. Muvi imechukua sheria hiyohiyo bila kuichezea, ikaanza kwa kutuonyesha mambo kwa macho ya mtu mwenyewe kama kwenye gemu, afu ikampa jamaa mzigo wa kichwani (aliyekuwa mpenzi wake anampigia simu kumwambia ana mimba) ili kule kusita mbele au nyuma kuwe na maana. Walichoongeza kimekaa juu ya sheria, hakijaivunja.

Hapo ndo mi napimia uaminifu. Kwenye gemu kinachokutisha sio zombi, ni kile ambacho gemu inakulazimisha ufanye wakati zombi yupo. Chukua Resident Evil ya 1996, risasi za kuhesabu, nafasi za kubebea vitu chache mpaka unaacha dawa ili ubebe ufunguo, hata kuseivu kwenyewe unahitaji utepe wa wino wa taipureta, ukiutumia ovyo umekwisha. Unafungua mlango roho mkononi kwa sababu una risasi tatu. Sasa njoo kwenye muvi ya 2002 ya Paul W. S. Anderson, staring ni Alice ambaye kwenye gemu hayupo kabisa, na kadri zilivyozidi kutoka mpaka ya sita 2016 yule dada alikuwa anapiga watu kama karateka, risasi haziishi. (Ile sini ya korido ya mionzi ya leza lakini heshima yake ipo, maana gemu ya Resident Evil 4 ya 2005 nayo ina korido yake ya mionzi.) Afu 2021 wakaja na Welcome to Raccoon City wakijua tunataka nini, wakatupa lile jumba, kituo cha polisi, koti la Leon yule polisi wa gemu ya pili, kila kitu kimekaa mahali pake, ila wamebana gemu mbili kwenye usiku mmoja na hakuna hata mtu mmoja unayemwonea wasiwasi wa risasi. Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyepelekwa makumbusho, kutishika hapana.

Silent Hill ya 2006 naipa ya pili. Mwongozaji Christophe Gans alimbadilisha yule baba wa kwenye gemu anayemtafuta mtoto wake kuwa mama, Rose, sawa tu, lakini alibakiza king'ora, giza linalokula kuta, na muziki wa Akira Yamaoka mwenyewe, yule aliyetunga wa gemu. Ule ukungu kwenye gemu ulikuwa unaficha kwamba PlayStation ilikuwa haiwezi kuchora mbali, yeye akaugeuza majivu ya moto wa makaa ya mawe unaowaka chini ya mji, akili kubwa hiyo. Kilichoniudhi ni Pyramid Head, lile jitu lenye kichwa cha piramidi. Yule ametoka gemu ya pili ya 2001, na kule yupo kwa sababu ya hatia ya James, staring wa gemu hiyo, ni adhabu yake binafsi, sasa huku anamtokea Rose anamdai nini? Kaletwa kwa sababu anapendeza kwenye bango. Na ile sehemu ya mwisho wanasimamisha muvi watueleze kila kitu kama somo la historia, wakati gemu ilituacha tuhangaike wenyewe.

Doom ya 2005 sina maneno mengi, gemu ya mashetani kutoka jehanamu wameitoa jehanamu, tukapewa vinasaba. Zile dakika chache za kuangalia kwa jicho la mpiga risasi kama kwenye gemu ndo kumbukumbu pekee.

Five Nights at Freddy's nayo ya 2023, ile midoli ya mashine inayotembea imetengenezwa vizuri mno, ila gemu ni wewe mlinzi kukaa kitini usiku umeme unaisha huku unachungulia kamera, kwenye muvi mlinzi analala usingizi anaota, na kuna mahali midoli inajenga kibanda cha meza na mashuka na mtoto, jamani.

Na Until Dawn ya 2025 ndo kichekesho. Kwenye gemu ya 2015 mtu akifa kafa, inajiseivu yenyewe, hakuna kurudi nyuma kumwokoa, na jasho lote linatoka hapo. Muvi ikaja na watu wanaokufa wakaanza upya usiku uleule tena na tena, yani ikawa aminifu kwa magemu mengine yote duniani isipokuwa lile lililoandikwa kwenye tiketi.

Exit 8 niliangalia na mdogo wangu ambaye gemu yake hajawahi kuigusa. Kama dakika ishirini hivi kaona kishikio cha mlango kimekaa siko, au alidhani kaona, akaanza kumpigia kelele jamaa wa kwenye skrini, rudi wewe, rudi, nami nikashtuka kwamba nimekunja vidole kama nimeshika pedi.