Jibu: Sayari hawaioni, wanajuaje kama ipo?

Mkuu, umeuliza wanaastronomia wanaigunduaje sayari wasiyoiona. Wanapima mwanga wa nyota usiku baada ya usiku. Ukiwa Kirumba, Mwanza, ukatazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, mdudu akikatiza mbele ya taa moja, mwanga unapungua kiduchu. Sayari iitwayo KELT-9b, iliyotangazwa 2017, ilipatikana hivyo: ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua chini ya asilimia 1. Inaizunguka kwa siku moja na nusu tu! Upande wake wa mchana una nyuzi 4,300 hivi za Selsiasi, joto kuliko uso wa nyota nyingi. Na KELT, mradi wa darubini ulioigundua, ulitumia lenzi za upana wa sentimita 4.2, Arizona na Sutherland, Afrika Kusini. Kwa nyota angavu zinatosha kabisa.