Maswali ya wasomaji: Gari la puto linalokwenda mduara

SWALI: Wahariri, salaam. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Tumetengeneza gari kwa chupa ya maji ya nusu lita, vizibo vinne, vijiti vya mshikaki, mirija na puto. Tukiliachia linatetemeka, linasogea kidogo, halafu linakata kona na kusimama. Tumeshabadilisha maputo matatu. Tunakosea wapi?
*Mama, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Mama, puto liacheni kwanza. Shida iko chini, kwenye magurudumu. Chukueni ubao laini, inueni ncha yake moja kiasi cha vidole vinne, mliweke gari juu bila puto. Gari lililokaa sawa huteremka lenyewe hadi mwisho. Lisipoteremka, kuna mahali panasugua, na hata mkilifungia maputo mawili halitafika mbali.

Kutetemeka kunatoka kwenye vizibo. Uso wa kizibo una unene wa milimita moja hivi, kwa hiyo kijiti hakina pa kushikwa na gurudumu linalala huku na huku. Dawa yake ni ndala kuukuu. Kata kiduara cha soli kinachoingia kwa kubana ndani ya kizibo, kisha toboeni vyote viwili pamoja. Sasa kijiti kinashikwa na unene mzima wa soli, na gurudumu linasimama wima.

Tundu lenyewe lazima liwe katikati hasa. Huyo wa miaka 6 mpeni kazi hii: aweke kizibo juu ya karatasi, achore mzunguko wake, akate, akunje kiduara mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Kiwekeni juu ya kizibo, mtie alama kwa ncha ya kalamu. Kutoboa ni kazi yako wewe mama. Wengi hutumia msumari wa moto, sisi tunashauri wa baridi, mwembamba kuliko kijiti, ukigongwa juu ya kipande cha mbao. Moto huyeyusha plastiki, tundu likawa pana na kuhama pembeni, na gurudumu likaanza kuyumba tena.

Vipimo: kila mrija ukatwe sentimita 7, kila kijiti sentimita 10. Kijiti kipite ndani ya mrija kwa ulegevu na kishikane na vizibo tu. Kati ya kizibo na mdomo wa mrija acheni nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Hapa ndipo watu wengi hukosea: gundi inachuruzika hadi kwenye mdomo wa mrija, au selotepu inazidi na kugusa kijiti. Zungusha gurudumu kwa kidole uliachie. Likisimama papo hapo, angalia hapo kabla ya kwingine.

Kona nayo ina sababu yake. Mirija miwili iliyo chini ya chupa haikukaa sambamba. Pimeni kwa uzi umbali kati ya ncha zake upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Tofauti ya nusu sentimita tu inatosha kulipeleka gari ukutani. Shikizeni mirija kwa selotepu kwanza, jaribuni ubaoni, na gundi ije mwisho. Mkishaifunga kwa gundi na imekaa upande, mtalazimika kubomoa.

Ndipo mrudi kwenye puto. Mrija mwembamba wa soda hupitisha hewa kidogo mno. Bomba la nje la kalamu ya wino, likishatolewa mrija wa wino ulio ndani, linafaa zaidi, likiwa halina kitundu ubavuni. Kama lina kitundu, kizibeni kwa selotepu. Ingizeni bomba kwenye shingo ya puto kiasi cha sentimita 3, mkaze kwa rababendi mizunguko minne au mitano. Pulizeni, zibeni mdomo wa bomba kwa kidole, mzamishe shingo ya puto kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka, hapo panavuja. Bomba lielekee nyuma moja kwa moja. Likipinda kulia au kushoto, gari nalo litapinda. Puto lisiburuze sakafu, na sakafu iwe ya saruji laini au vigae.

Puto apulize mkubwa wa miaka 9, nawe ukiwa karibu. Likipasuka, okoteni vipande vyote mara moja. Kipande cha puto kikiingia kooni mwa mtoto mdogo huziba pumzi kabisa.

SWALI: Boti zetu za soli ya ndala, zenye kasia la rababendi, zinatikisika tu bila kwenda. Watoto wamekata tamaa.
*Mwalimu wa chekechea, Pangani*

JIBU: Mwalimu, bila shaka kasia lote limezama. Likizama lote, ubawa wa chini unasukuma maji nyuma na wa juu unayasukuma mbele, na boti inabaki palepale. Pandisha rababendi ikae juu ya soli, ili nusu ya kasia tu iguse maji.

Kwa boti ya sentimita 15 kwa 8, kata nyuma nafasi yenye upana wa sentimita 5 na kina cha 6, na kasia la sentimita 4 kwa 3 kutoka kwenye kopo la mtindi. Miguu miwili inayobaki huvutwa na rababendi ikakunjana ndani hadi kasia linakwama. Ichomee kijiti cha mshikaki kwa urefu, kila mguu kimoja. Sokota mara 25 au 30. Ikirudi kinyumenyume, sokota upande wa pili.

Tafadhali, majaribio yafanyike kwenye karai la kufulia, siyo mtoni wala ufukweni. Maji yakianza kupwa boti huondoka nayo, na mtoto huifuata boti yake bila kutazama kina.

SWALI: Wanangu, vititia vya ukuti, vile vinavyozungushwa na upepo, vilizunguka vizuri. Vya karatasi ninavyowatengenezea wajukuu haviendi. Kwa nini?
*Babu, Sahare, Tanga*

JIBU: Shikamoo babu. Karatasi ya daftari hulegea kwa unyevu wa pwani, mabawa yakaangukia kijiti na kusugua. Tumia manila, mraba wa sentimita 15. Kata kutoka kila pembe kuelekea katikati, ukiacha sentimita 2 bila kukatwa. Pini ipite kwenye tundu pana kidogo kuliko yenyewe, na kati ya karatasi na kijiti weka shanga moja. Bila shanga hiyo hata upepo wa kusi hautakizungusha. Ukirudi kwenye ukuti, chukua mbichi na utumie chelewa badala ya pini. Siku ya pili ukuti hukauka na kujikunja, basi wajukuu wakate mwingine.